Ujumbe Usio na Mwenyewe Wala Tarehe

Hotuba kwa wafanyabiashara, manahodha na wanahabari wa Lamu

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wetu, mama zetu, manahodha, wenye maduka ya Langoni na Mkomani, wenye nyumba za wageni za Shela, na nyinyi wanahabari mliovuka kutoka Mokowe: ahsanteni kwa kuja, na poleni kwa jua.

Nimeombwa nizungumze juu ya teknolojia mpya na jinsi inavyogeuza kazi ya habari na mawasiliano ya biashara. Hilo ni pana mno kwa asubuhi moja, kwa hivyo nitalishika upande mmoja. Siku hizi kupeleka ujumbe hakugharimu kitu, lakini ujumbe wenyewe umepoteza vitu viwili njiani: mwenyewe, na tarehe. Karibu kila hasara mnayoilalamikia, ya biashara au ya habari, inapitia tundu hilo.

Visiwa hivi vilikuwa na siwa, baragumu la wakuu, ya pembe kule Pate na ya shaba hapa Amu. Haikupulizwa ovyo wala na kila mtu. Palikuwa na mbiu pia, na tunasema hadi leo mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ilipolia, watu waliuliza kuna jambo gani, hawakuuliza ni mbiu ya nani. Mpigaji alijulikana kwa sura, aliyemtuma alijulikana kwa jina, na mbiu ya leo ilikuwa ya leo. Haikuweza kulia tena yenyewe baada ya miaka mitatu. Meseji ya simu inaweza.

Manahodha wananielewa haraka hapa. Msimu wa kusi Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali, kwa kawaida unapotarajiwa kupita noti 25, yaani karibu kilomita 46 kwa saa. Tahadhari ya asili ina tarehe ya kutolewa, ina saa ya kuanza na ya kuisha, na inataja kaunti. Sasa itazameni inavyofika kwenye kikundi cha WhatsApp. Mtu amekata kipande cha katikati akakipiga picha ya skrini: "Upepo mkali unatarajiwa kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Wavuvi na waendeshaji boti wachukue tahadhari." Jumanne ipi? Picha hiyo inaweza kuwa ya mwaka juzi. Ikizunguka mara tatu na upepo usije, mara ya nne watu huipuuza, na mara ya nne ndiyo ya kweli. Hapo hakuna aliyesema uongo. Kilichokatwa ni mstari wa juu tu, nao mstari wa juu ndio uliobeba maisha ya abiria.

Kwa hivyo anayesimamia kikundi cha manahodha, cha wasimamizi wa ufuo (BMU) au cha mtaa, akubali kanuni hii: tahadhari haipelekwi kwa picha iliyokatwa. Inapelekwa hati nzima. Ikibidi kuandika kwa mkono, mstari wa kwanza uwe na nani ametoa, umetolewa lini, unaisha lini. Mfano: "Idara ya Hali ya Hewa, imetolewa Jumatatu 9 Juni 2025 saa 10 jioni (16:00). Inahusu Jumanne 10 Juni saa 3 asubuhi (09:00) hadi Alhamisi 12 Juni saa 3 usiku (21:00)." Ni mrefu, naam. Lakini ujumbe huo ukifufuka mwaka kesho, utajulikana ni maiti.

Mmeona nimeandika saa mara mbili. Nitakaa hapo kidogo, kwa sababu wenye boti na wenye nyumba za wageni hupoteza pesa hapa na hawajui zinatokea wapi. Saa yetu inaanza na kuchomoza kwa jua. Mgeni anachukua ujumbe wako, anautia kwenye programu ya tafsiri, nayo inaweza kumwambia boti ya Manda inaondoka saa tatu kwa hesabu ya kwao, yaani alasiri. Boti imeondoka asubuhi, ndege imeondoka, na mgeni anaandika mtandaoni kwamba watu wa Lamu hawashiki ahadi. Mashine imetafsiri neno, haikutafsiri jua. Andika zote mbili kila mara: saa 3 asubuhi, kisha 09:00.

Na kwa kuwa tumeigusa mashine, tuseme yake. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mwenye duka anaweza kupata tangazo zuri, barua kwa mteja wa ng'ambo, hata jibu la malalamiko, kwa dakika moja. Itumieni kwa yale mnayoyajua tayari: iwanyooshee Kiingereza, iwafupishie barua, iwapangie orodha. Msiitumie kukuambieni msilolijua. Programu hizi zinatunga sentensi kwa kukisia neno linalofuata, na zikikosa ukweli hazinyamazi, zinajaza pengo kwa maneno yanayofanana na ukweli. Ukiiambia ikuandikie tangazo la nyumba yako iliyoko Shela bila kuipa maelezo, inaweza kukuwekea bwawa la kuogelea ambalo huna. Mgeni akifika atadai bwawa lake.

Upande wa lugha, mashine zimefunzwa zaidi kwa Kiswahili sanifu cha vitabuni na magazetini. Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, zinakisikia kwa taabu. Mzee akisema "yana" kwa maana ya jana, "yuu" kwa juu, au "tini" kwa chini, programu inayogeuza sauti kuwa maandishi hukwama au huandika kingine, na tini kwake ni tunda. Mwanahabari anayerekodi wazee wa Matondoni au Siyu asichukue maandishi ya mashine akayachapa hivyo hivyo. Dakika 10 za mazungumzo zikigeuzwa na mashine, tenga nusu saa ya kuzisikiliza tena ukisahihisha, na majina ya watu na ya mahali uyahakikishe na aliyesema. Jambo hili linanigusa kwa dhati. Lahaja iliyobeba tenzi za kale isiingie kwenye kumbukumbu za dunia ikiwa imevunjwa na programu kwa sababu mtu alikuwa na haraka.

Sasa wanahabari. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na kwa miongo mingi mtu wa kisiwani alijua dunia kwa kukaa barazani na redio. Redio haijafa. Iliyokufa ni ile hali ya kwamba habari inatoka kwa wachache kwenda kwa wengi. Leo kijana wa Faza akiwa na simu anatangulia kituo cha Nairobi kwa saa nzima, na kituo kinamwomba video. Hapo ndipo mambo huharibika.

La kwanza ni uzito. Video ya dakika moja ya ubora wa 1080 inakula kama MB 60 hadi 130, kutegemea simu inavyoibana. Mtandao ukipandisha megabiti 2 kwa sekunde, hizo MB 130 zinachukua karibu dakika 9, na zikikatika katikati huenda ukaanza upya. Sauti ya dakika moja, kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki hata nusu MB, na kwa mtandao uo huo inakwenda kwa sekunde mbili. Kwa hivyo tuma sauti na picha tatu kwanza, video ifuate. Sauti nayo ina adui mmoja Lamu, upepo. Ukisimama ukutani mwa bahari ukarekodi kwa simu iliyo wazi, utapata ngurumo tupu. Ingia kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, au nyuma ya ukuta, uupe upepo mgongo, simu iwe shibiri moja kutoka mdomoni na kando kidogo, isielekee pumzi. Chumba chenye mikeka na mapazia kinafaa kuliko ukumbi wa sakafu tupu, maana kuta tupu zinarudisha mwangwi.

La pili ni uthibitisho. Picha ikifika na mishale miwili juu yake, maana yake imeshapita mikono mingi, angalau mitano. WhatsApp iliweka alama hiyo na, tangu Aprili 2020, ujumbe wa namna hiyo unapelekwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Lakini mtu akiipiga picha ya skrini akaituma upya, mishale inatoweka na picha inakuwa "mpya." Basi usitegemee mishale. Itafute picha yenyewe kwa Google Lens uone kama iliwahi kutokea mahali pengine. Tazama kivuli, nambari za magari, maandishi ya maduka, sare. Tazama maji yamejaa au yamekupwa, uyalinganishe na jedwali la maji la siku hiyo. Hiki ni kipimo ambacho mhariri wa bara hana, nyinyi mnacho. Kisha mtafute aliyeipiga, umwombe aitume kama hati na siyo kama picha. Ikitumwa kama picha, WhatsApp inaibana na kuondoa maelezo yaliyofichwa ndani yake, yale ya siku, saa na aina ya simu. Ikitumwa kama hati yanabaki. Maelezo hayo yanaweza kughushiwa, lakini asiye na picha ya asili na hawezi kueleza alisimama wapi, huyo huenda hakuipiga yeye.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 iliweka adhabu kwa uchapishaji wa habari za uongo kwa makusudi: kifungo, au faini ya mamilioni, au vyote viwili. Haikutaja wanahabari tu. Msimamizi wa kikundi alijue hilo.

Nije kwenye pesa, maana naona wenye maduka wanaangalia saa.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na imeshakuwa lugha yetu ya biashara. Mwizi ameisoma lugha hiyo vizuri. Meseji ya bandia inaandikwa sawasawa na ya kweli: ina herufi na tarakimu 10 mwanzoni, jina, kiasi, tarehe, salio. Ilipo tofauti ni mlango ilioingilia. Ya kweli inaingia kwenye mfululizo wa MPESA, chini ya zile zako zote za zamani. Ya bandia imetoka kwenye namba ya simu ya kawaida, na imefungua mazungumzo mapya. Lingine ni salio: mwizi hajui ulikuwa na kiasi gani, kwa hiyo salio analoandika halijumlishiki. Duka likiwa limejaa watu hutaona haya. Kwa hivyo desturi iwe moja: bidhaa haitoki mkononi kwa kuonyeshwa simu ya mteja. Inatoka kwa kuangalia simu yako mwenyewe, na ukishuku, piga *334# utazame salio. Mteja mwema hataudhika kungoja nusu dakika.

Kisha kuna wa "nimetuma kimakosa, nirudishie." Usirudishe kwa mkono wako. Huenda hakuna kilichoingia, au kilichoingia kimeibiwa kwa mtu mwingine, nawe ukawa daraja. Mwambie apeleke meseji yake ya uthibitisho kwa 456, kampuni irejeshe yenyewe. Aliyekosea kweli atafanya hivyo. Anayepandisha sauti, mara mgonjwa yuko hospitali, mara boti inaondoka, huyo anakunyima muda wa kufikiri. Na anayekupigia akidai ni Safaricom, tazama namba: kampuni inapiga kwa 0722 000 000, na hakuna mfanyakazi yeyote anayehitaji PIN yako.

Tumieni namba ya tili, ile ya M-Pesa ya biashara, badala ya namba ya mtu binafsi. Mteja anaona jina la biashara kabla hajatuma, daftari lako linajitenga na pesa za nyumbani, na mwisho wa mwezi unatoa taarifa nzima. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tangu 1 Januari 2024 mwenye hoteli anayenunua kwako anataka risiti ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi (KRA), kwa sababu bila hiyo KRA haimkubalii hilo kama gharama. Wavuvi na akina mama wa mboga, msione hili ni la matajiri. Hoteli inahitaji risiti hata kwa samaki na mboga.

Wenye nyumba za wageni wana hatari yao. Mgeni wa Italia au Ujerumani anataka kulipa kwa benki, mmeandikiana kwa baruapepe wiki mbili. Mwizi akishaingia kwenye kasha lako la barua hafanyi fujo. Anakaa kimya anasoma. Siku ya kulipa anamwandikia mgeni kwa jina lako: "Tumebadilisha akaunti." Pesa zinakwenda, na nyinyi wawili mnabaki kulaumiana. Kinga yake haina gharama: katika barua yako ya kwanza kabisa andika kwamba akaunti yenu haibadilishwi kwa baruapepe, na kwamba badiliko lolote litathibitishwa kwa simu, kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Siyo namba iliyo kwenye barua mpya, maana hiyo ni ya mwizi.

Katika kuuza, chombo kinachofaa wengi hapa ni WhatsApp Business, iliyotoka 2018, bure. Ina katalogi ya bidhaa hadi 500, majibu ya tayari, na saa za kazi. Tatizo la wengi ni ile orodha ya matangazo. Mtu anaweka namba 256, anatuma bei ya samaki, anashangaa majibu manne. Sababu ni kwamba tangazo hilo linamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Mteja akinunua mara ya kwanza, muulize kama anataka kupata bei kila asubuhi, na akikubali mngojee ahifadhi namba pale pale mbele yako. Ukimlazimisha, atakuzuia, na wakikuzuia wengi WhatsApp inaweza kuifunga namba.

Tuseme unauza kamba mawe kutoka Kizingitini. Picha ipigwe asubuhi, kivulini, kioo cha kamera kimepanguswa mafuta ya samaki. Mng'aro wa saa sita unafanya kila kitu kionekane kimechemshwa. Kando ya mzani weka karatasi yenye tarehe ya leo imeandikwa kwa kalamu nene. Karatasi hiyo inafanya kazi mbili: mnunuzi wa Malindi au Mombasa anajua ni ya leo, na mwizi wa picha hawezi kuitumia kesho. Chini andika uzito wa mmoja mmoja kutoka gramu ngapi hadi ngapi, wako hai au wako barafuni, bei ya kilo, bei inaisha lini, na barafu na usafiri vinalipwa na nani. Ugomvi mwingi wa samaki kwenye simu hautoki kwenye bei, unatoka kwenye barafu.

Mtandao wenyewe msiuamini peke yake. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, ndizo zilizotutoa kwenye setilaiti ghali. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaenda kwa kujivuta. Weka namba za wateja wako 50 wakubwa kwenye daftari la karatasi, uweze kuwaandikia meseji za kawaida.

Picha za watu sasa. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na ina meno. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza sehemu moja ya burudani faini ya Sh1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuridhia. Mwenye nyumba anayempiga mgeni picha kwenye daka akaiweka mtandaoni, mpiga picha wa Maulidi anayeuza sura za watoto wa madrasa, wote wamo. Idhini iombwe, na iwe imeandikwa, hata kwa meseji moja ya "naam, nimekubali."

Limebaki la sauti, na ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Mwanzoni mwa 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha programu iitwayo VALL-E, inayoiga sauti ya mtu kwa kumsikia sekunde 3 tu. Sisi ni watu wa sauti. Mama hasomi meseji, anasikiliza. Na sauti za masheikh wetu, za viongozi, za watangazaji, zimejaa mitandaoni kwa saa mamia. Siku moja nahodha atapokea sauti ya tajiri wake ikimwamuru akabidhi mzigo kwa mtu fulani pale Mokowe. Ataijua sauti. Itamtaja jina. Sikio halitamwokoa, kwa hivyo mkubaliane leo, nyumbani na kazini, neno moja la siri ambalo haliandikwi kwenye simu wala kusemwa kwenye sauti ya kurekodi. Kila amri ya pesa au ya mzigo ipigiwe simu ya kurudi na neno liulizwe. Mtoto amuulize baba bila kuona haya, na baba asione amevunjiwa heshima.

Maneno yangu yameisha, imebaki kazi ya mkono. Toeni simu. Wezi wanaanza na akaunti ya WhatsApp: wanakuomba tarakimu 6 ulizotumiwa kwa meseji, ukiwapa wanaihamisha akaunti na kuanza kukopa kwa jina lako. Ingieni Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili, mguse Washa. Itawataka PIN ya tarakimu 6. Usiweke mwaka wa kuzaliwa, wala 123456. Irudie mara ya pili. Ikikuuliza baruapepe, iweke, kwa sababu ukiisahau PIN bila baruapepe utangoja siku 7.

Mmemaliza? Sasa rudini nyuma mpaka Vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta usiyoijua, iguse, uiondoe. Wenye simu zilizo katika Kiingereza inueni mikono, vijana watapita kwenu. Wewe mama wa safu ya mbele, nipe hiyo simu nikuangalizie, lakini PIN uiandike mwenyewe, mimi nitageuka.